Somo: Kutunza maarifa katika ofisi ya serikali ya tathmini ya athari kwa mazingira

Tangu tarehe 1 Januari 1970, rais wa Marekani alipotia saini sheria iliyozitaka taasisi za serikali ya nchi hiyo kueleza athari za miradi mikubwa kabla ya kuiamua, ofisi za namna hii zimejaza makabati ya ripoti. Kinachopotea ni sababu ya uamuzi, ambayo hubaki kichwani mwa mhakiki, yaani afisa anayepitia ripoti hizo, na kuondoka naye anapostaafu.

Hatua ya kwanza ni kuandika sababu hiyo jaladani. Tuchukue sharti hili alilowekewa mwenye mradi: "Uchimbaji wa mchanga usimame miezi ya mvua." Mwenye mradi akiomba lilegezwe, mhakiki mpya aliyelikuta likiwa peke yake hana la kujibu; lakini chini yake pakiwa na dokezo la mistari mitatu, kwamba samaki wa mto huo hutaga msimu huo, kwamba tope likitibuka hufunika mayai yakakosa hewa, na kwamba habari hiyo ilitolewa na wavuvi waliohojiwa, mazungumzo yana pa kuanzia. Ofisi isiyoweza kufanya lolote jingine na ifanye hili.

Pili, matokeo ya ufuatiliaji yarudi kwenye jalada lilelile, kwa kuwa ripoti ya tathmini ni utabiri, na utabiri usiolinganishwa na vipimo vya baada ya ujenzi haumfundishi mtu.

Tatu, kumbukumbu zipangwe pia kwa mahali, maana kampuni hubadili jina ilhali bonde ni lilelile, na athari za miradi kumi midogo huonekana tu inaposomwa pamoja.

Nne, anayehama apitie majalada magumu pamoja na mrithi wake, ana kwa ana.

Maswali ya wanachama

Swali: Tumenunua programu ya kuhifadhi nyaraka. Je, haitoshi?
Jibu: Itawasaidia kulipata jalada upesi, ila dokezo ambalo halikuandikwa haitalipata.

Swali: Wazee wakitueleza mahali pa matambiko, tuandike?
Jibu: Waulizeni kwanza. Wakikubali kwa masharti, masharti hayo yaandikwe na ramani ifungiwe, isiambatishwe kwenye ripoti ya wazi.

Swali: Wahakiki wetu wanaogopa kwamba madokezo yao yatafikishwa mahakamani.
Jibu: Hofu hiyo naielewa, na huenda yakafika. Hata hivyo, uamuzi wenye sababu zilizoandikwa siku ulipofanywa ni rahisi kuutetea kuliko ule unaotafutiwa sababu baada ya kesi kufunguliwa.