Jinsi ya kuchimba historia ya sanamu ya mnyama ya mtaani kwenu, tukianza na tembo Lucy

Kama kwenu kuna sanamu ya mnyama ambayo kila mtu anaelekezea njia, shuka pale kwa samaki, kata kona pale kwa simba, halafu hakuna anayejua ilifikaje pale, usianze kuuliza ina maana gani, anza na nani alitoa hela na alikuwa anauza nini. Hilo swali linafungua mengi sana. Nichukue mfano wa tembo Lucy wa Margate, New Jersey kule Marekani.

Lucy ana karibu mita 20 kwenda juu, ndani mbao nje bati, amejengwa 1881 na James Lafferty, na huyo Lafferty alikuwa anauza viwanja! Eneo lilikuwa mchanga tu wa pwani, sasa anawapandisha wateja kwa ngazi iliyo ndani ya mguu wa nyuma, wanapita tumboni, wanatokea juu mgongoni, anawaonyesha viwanja vyote mpaka baharini. Yaani tembo mzima ni tangazo la biashara.

Kwa hiyo kwanza tafuta karatasi. Lafferty alipewa hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, Desemba 1882 ya jengo lenye umbo la mnyama, na mchoro wake upo mtandaoni, unaona mpaka ngazi. Wewe utatafuta hati ya kiwanja, kibali cha manispaa, au magazeti ya wiki ile ya uzinduzi. Ukienda hivyo kwa zile pembe kubwa za tembo zilizo juu ya barabara ya Moi Avenue Mombasa unaangukia kwenye ziara za kifalme za Uingereza miaka ya 1950.

Kisha kusanya picha za zamani, za harusi, za shule, kadi za posta, yoyote ambayo sanamu imetokea kwa nyuma, uzipange kwa miaka uangalie rangi, kibao, barabara na hasa mahali inaposimama, maana sanamu huwa zinahama. Lucy mwenyewe alishaoza miaka ya 1960 na kiwanja chake kinauzwa, wakazi wakaunda kamati wakachangishana, Julai 1970 wakamvuta polepole barabarani mpaka ardhi ya mji, na 1976 serikali ikamtambua kama alama ya kihistoria ya taifa. Kwangu mimi hao wachangaji ndio historia yenyewe kuliko hata Lafferty.

Kitu watu wanaruka: ulizia sanamu zilizokufa, ujue kwa nini hii yenu imebaki. Lafferty alikuwa na tembo wengine, wa Coney Island akaungua 1896, wa Cape May akabomolewa 1900. Lucy aliyebaki, watu waliishi ndani yake, akawa hadi baa, yaani alikuwa na kazi.

Wazee wanaoikumbuka sanamu uwarekodi mapema, kwa simu tu inatosha, mwanzoni mwa sauti taja tarehe na mahali mlipokaa, halafu nakala moja peleka maktaba.