Jinsi ya kunyoosha vitambaa vya kuoshea vyombo ulivyofuma kwa uzi wa pamba

Kitambaa kikitoka tu kwenye sindano kinakuwa kama hakijafumwa vizuri, kona imejikunja, upande mmoja mrefu kuliko mwenzake, vishono vingine vimekaza vingine vimelegea. Kiukweli kinachohitajika ni maji, pini na subira tu.

Ila ujue pamba sio sufu. Pamba hainyumbuki sana, na shepu unayoipa inakaa mpaka siku kitakapofuliwa basi. Kwa hiyo kama ni cha jikoni kwako anza kukitumia leoleo, huku kunyoosha ni kwa vile vya kuuza au vya kupeleka kicheni pati, ambapo bi harusi anavifungua mbele za watu na kila shangazi anavigeuza kuangalia mpaka nyuma.

Ficha mikia ya uzi kwanza ila usiikate mpaka chini, acha kama sentimita 2, ukishamaliza kunyoosha ndo ukate, la sivyo ukivuta kitambaa inachomoka. Afu loweka kwenye beseni la maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, dakika 20 zinatosha. Nyekundu na bluu nzito loweka peke yake, na ile habari ya kuweka siki ili rangi ishike, kwenye pamba haisaidii.

Kukitoa ni mikono miwili kwa chini, maana pamba ikilowa inakuwa nzito, ukishika kona moja kinarefuka hapohapo. Usikikamue kwa kusokota. Kilaze kwenye taulo, hata lile la mtumba la pale soko la Memorial, Moshi, kunja pamoja kama chapati afu kandamiza kwa mguu.

Sasa pini. Chukua boksi gumu, chora mraba, tuseme sentimita 22 kwa 22, funika na nailoni inayoonyesha. Pini zako zijaribu kabla, loweka moja usiku kucha, ikitoa kutu achana nazo kabisa, doa la kutu kwenye pamba nyeupe halitoki kirahisi. Anza na kona nne, afu katikati ya kila upande, afu jazia kati ya hapo. Ukiona ukingo umefanya mawimbi, ujue umevuta sana au pini zimeachana mno, ongeza pini usiongeze nguvu. Kabla hakijakauka pitisha vidole juu ya vishono, kilichokaza kivute kidogo, kilicholegea sogeza uzi wake kwa jirani, hapa ndo kitambaa kinapendeza na watu wengi wanapapita haraka.

Kama kitambaa chote umekifuma kwa mtindo ule wa vishono vyenye umbo la V mbele na matuta nyuma, kingo zitajikunja tu hata upige pini mia. Dawa yake ni kwenye kufuma, mistari 4 ya mwanzo na ya mwisho na vishono 4 vya kila pembeni viwe na matuta pande zote mbili.

Mwenye haraka atumie pasi ya mvuke, ishike juu kidogo bila kugusa, au weka kitambaa cheupe kibichi juu upitishe pasi taratibu bila kukandamiza. Ila hakikisha ni pamba tupu. Uzi usio na lebo choma kipande kidogo, pamba inaungua kama karatasi na kubaki majivu, wa plastiki unayeyuka na kuganda kidonge kigumu, huo ukiupiga moto unalegea na haurudi, na hata maji haunyonyi vizuri.

Anika kivulini penye upepo, jua kali linapausha rangi. Huku mjini Moshi mwezi wa pili kinakauka siku hiyohiyo, ila Juni na Julai mawingu yakishatanda kiache mpaka kesho yake. Kabla ya kuchomoa pini kiguse kwa nyuma ya mkono, kikiwa baridi bado kina maji ndani, kiache.