Jinsi ya kuomba leseni ya kituo cha ushauri nasaha Mwanza na kumpokea mnasihi mpya

Mwongozo huu ni kwa mtu aliyesomea saikolojia au ushauri nasaha, akafanya kazi chini ya wengine kwa miaka kadhaa, na sasa anataka kufungua kituo chake hapa Mwanza na kuwalea wanasihi wanaoanza. Makaratasi yenyewe si magumu. Tatizo ni mpangilio: wengi hukimbilia leseni, na wakishaitundika ukutani ndipo wanapoanza kuwaza siri ya mteja itakaa wapi. Nakushauri uanze na siri. Kila fomu utakayoijaza, ijaze ukimfikiria mtu atakayeketi mbele yako na kusema jambo ambalo hajamwambia hata mama yake mzazi.

Jua kwanza unachoomba

Kituo cha ushauri nasaha si zahanati. Ukipanga kutoa dawa au kulaza wagonjwa, utahitaji usajili wa kituo binafsi cha afya ulio chini ya Wizara ya Afya, na njia yake ni nyingine kabisa. Ukitaka kuhudumia jamii bila faida, utapita kwa Msajili wa NGOs chini ya Sheria ya mwaka 2002. Hapa nazungumzia kituo cha mazungumzo, kinachotoza ada na kulipa kodi. Kama taaluma yako ina baraza lake la usajili, hakikisha usajili wako uko hai kabla ya kwenda popote.

Tafuta chumba kabla ya jina

BRELA (wakala wa usajili wa biashara), TRA (mamlaka ya mapato) na halmashauri wote watakuuliza anwani, kwa hiyo chumba ndicho kinachotangulia. Usikikubali kabla ya kukipima. Mwache rafiki akae mahali ambapo wateja watasubiri, wewe ingia ndani, funga mlango, soma gazeti kwa sauti ya kawaida ya mazungumzo. Akikurudishia hata sentensi moja, chumba hakifai. Nyumba nyingi za biashara mjini kuta zake za ndani huishia kwenye siling bodi, na sauti hupita juu yake kama hakuna ukuta. Mwombe mwenye nyumba apandishe tofali hadi kwenye bati, au tafuta kwingine.

Angalia na mlango. Fremu inayotazama kijiwe cha bodaboda au stendi ya daladala haifai, hata kodi yake ikiwa nafuu. Ghorofa yenye ofisi za aina nyingi, wakili huku na fundi wa kompyuta kule, ni bora zaidi, maana anayepanda ngazi hajulikani anakwenda wapi.

Halafu uliza eneo hilo liko halmashauri gani. Isamilo, Butimba, Mkolani, Buhongwa na Igoma ziko Jiji la Mwanza, wilaya ya Nyamagana. Kirumba, Pasiansi na Buswelu ni Manispaa ya Ilemela. Kwa macho mji ni mmoja, lakini leseni ya halmashauri moja haiombwi kwa nyingine, na ofisi za Ilemela ziko Buswelu, siyo mjini kati.

Mkataba wa pango uwe wa maandishi. Kumbuka pia kwamba mpangaji wa biashara hukata kodi ya zuio ya asilimia 10 ya pango na kuipeleka TRA. Mwelewane na mwenye nyumba mapema ili asije akadhani unampunja.

Ukishasaini, nenda ofisi ya serikali ya mtaa uombe barua ya utambulisho. Mtendaji anaweza kukuuliza, "Sasa hii ni hospitali ya wagonjwa wa akili?" Mjibu kwa adabu na kwa ukweli: "Hapana mama, ni mahali pa mtu kuja kuzungumza akiwa amefiwa, ndoa inayumba, au mawazo yamemzidi." Mweleze hapo hapo kwamba hutaweza kumwambia nani anakuja kwako, hata akiwa jirani yake. Ukilisema siku ya kwanza, halitaleta ugomvi siku atakapokuuliza.

Jina, TIN na leseni

Usajili wa jina la biashara hufanyika kwenye mfumo wa mtandaoni wa BRELA. Utahitaji namba ya NIDA, barua pepe na simu inayopatikana. Mfumo utakupa namba ya malipo, utalipa benki au kwa simu, na cheti utakipakua mwenyewe. Kuhusu jina nina msimamo mkali: lisitaje shida yoyote. Ubao ulioandikwa habari za ulevi, msongo au ndoa unamtangaza kila anayeingia mlangoni. Liepuke pia neno kliniki, kwa sababu niliyokwisha kuitaja. Kama mko wawili au watatu, fikirieni kampuni badala ya jina la biashara, kwa kuwa jina la biashara halikutenganishi na madeni ya kituo.

TIN hutolewa bure. Kama ulishaipata zamani kwa ajili ya leseni ya udereva, hiyo si ya biashara. TRA wataibadilisha matumizi. Utakadiriwa kodi, na baada ya malipo ya awali utaomba klirensi, yaani hati inayoonyesha hudaiwi. Mweleze afisa kwamba unatoa huduma ya kitaalamu, usijilinganishe na mwenye duka.

Leseni ya biashara huombwa kwenye mfumo wa Tausi, ambao halmashauri zote hutumia. Utaweka cheti cha BRELA, TIN, klirensi, mkataba wa pango na kitambulisho. Mfumo utakutaka uchague aina ya biashara, na hapa usibahatishe: mpigie afisa biashara umweleze kazi yako akuelekeze kundi sahihi, maana ukichagua kundi lisilo lako utalipa ada isiyokuhusu. Leseni hudumu mwaka mmoja na hutundikwa panapoonekana. Ukiajiri hata mtu mmoja, yakupasa kujisajili NSSF (hifadhi ya jamii) na WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi), na sehemu ya kazi isajiliwe OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi. Maliza hayo ndani ya mwezi wa kwanza.

Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na kwangu mimi ndiyo moyo wa kazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Anayekusanya taarifa za watu anapaswa kujisajili kwenye Tume, na taarifa za afya zinahesabiwa kuwa nyeti. Faili la mteja wako limo humo.

Maombi yatakutaka ueleze unakusanya nini, kwa sababu gani, na unailindaje. Usiandike maneno ya kujaza nafasi. Andika utakachokifanya kweli: faili hutambuliwa kwa namba, daftari linalounganisha namba na majina hukaa kabati jingine, kabati zote mbili zina kufuli, na hakuna habari ya mteja inayopita kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi. Sheria inampa mteja haki ya kuziona taarifa zake, kwa hiyo yaandikwe mambo ambayo ungeweza kumsomea usoni bila kuona haya. Mnasihi mpya afundishwe hili kabla hajashika kalamu.

Andaa pamoja na hilo fomu ya ridhaa, kwa Kiswahili kinachoeleweka, inayotaja mipaka ya siri: maisha yakiwa hatarini, mahakama ikiamuru, au mtoto akiwa anaumizwa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii anayejua mtoto anatendewa vibaya atoe taarifa serikali ya mtaa au halmashauri. Ubandike ukutani simu ya mtoto, 116, na uwe na namba ya afisa ustawi wa jamii wa kata yako.

Kumpokea mnasihi mpya

Barua ya chuo au cheti cha kuhitimu havitoshi. Kabla ya mteja wa kwanza, wewe na yeye mwe na mkataba wa usimamizi wa kitaalamu wa kurasa mbili tatu: mtakutana lini, nani anawajibika kwa lipi, na atampigia nani usiku kukiwa na dharura. Mimi naona saa moja kila wiki ndiyo kiwango cha chini kwa anayeanza, na saa hiyo isiliwe na mambo ya kodi na umeme. Mwanzoni akae pembeni akusikilize, kisha wewe ukae pembeni umsikilize, mteja akiwa ameridhia mara zote mbili. Akianza peke yake, wateja watatu au wanne kwa wiki wanamtosha.

Brigid Proctor wa Uingereza aligawa kazi ya msimamizi katika sehemu tatu: kulinda viwango, kukuza ujuzi, na kumtunza mnasihi mwenyewe. Sehemu ya tatu ndiyo tunayoisahau. Mnasihi atakuja na kusema, "Dada, mteja alinyamaza muda mrefu, nikaogopa, nikaanza kumpa mawaidha." Usimkaripie. Muulize, "Kabla hujafungua mdomo, wewe mwenyewe ulikuwa unajisikiaje?" Hapo ndipo kazi yenu inapoanza.

Kila wiki pitia mafaili ya wateja wapya. Kama mnatumia PHQ-9, dodoso la maswali tisa la kupima sonona, nenda moja kwa moja kwenye swali la tisa, linalouliza mawazo ya kufa au kujidhuru. Jibu lolote lililozidi sifuri mnasihi akuambie siku hiyo hiyo, asingoje kikao. Wakati huo njia ya rufaa iwe imeshaandaliwa: nenda mapema ujitambulishe kwa barua Hospitali ya Kanda Bugando, penye idara ya magonjwa ya akili, na Hospitali ya Sekou Toure, ujue mpokeaji ni nani na mteja aje na karatasi gani.

Mweke wazi pia kuhusu undugu. Mji huu una watu wengi lakini ukoo, kanisa, msikiti na vikoba vinawarudisha pamoja. Akimjua mteja kwa njia yoyote, aseme, na mteja ahamishiwe kwa mwingine.

Na mnasihi anayetoka mikoa mingine afundishwe ziwa. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996, MV Nyerere ikapinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018. Wapo waliopoteza ndugu ambao miezi hiyo ikikaribia usingizi hupotea, na wengine hawajui kwa nini. Mvuvi wa dagaa naye huvua kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo ratiba yake iwekwe wakati wa mbalamwezi, anapokuwa nchi kavu. Ukimpangia kila Jumatano saa nne asubuhi atakosa vikao, na mnasihi mgeni ataandika kwenye faili kwamba mteja hana nia.

Mwisho wa mwaka, unapohuisha leseni na klirensi, fungua pia mafaili yote ya wateja waliokwisha kuacha na uamue yapi yanatunzwa na yapi yanaharibiwa, kulingana na muda ulioutaja kwenye fomu ya ridhaa. Siku hiyo hiyo andika, au uhakiki, barua inayomtaja mtaalamu mwenzako atakayeshika funguo za kabati na kuwajulisha wateja endapo utaugua ghafla au kufariki. Nakala moja mpe yeye, nyingine mnasihi wako, ya tatu iwe kwa mwanasheria. Familia isiachiwe kazi ya kufungua mafaili hayo.