Laini mbili, seva moja: jibu litokee pale pale ombi lilipoingilia

Kama ofisi yako iko Ngamiani au Chumbageni hapo Tanga na umevuta faiba halafu ukaongeza rauta ya 4G ili faiba ikizingua usikwame, kuna hii kitu utakutana nayo: nyie wa ndani mnaperuzi fresh kabisa, ila mtu wa nje akija kwenye seva kwa IP ya 4G inazunguka weee mpaka inakata. Wengi wanakimbilia kuzima faiawoli, sio yenyewe. Linux ikitaka kujibu inafuata geitwei (mlango wa kutokea) moja tu ya difolti, yaani faiba, sasa ombi limeingilia 4G jibu linatokea faiba, na rauta ya faiba haina habari na hayo mazungumzo.

(Kwanza hakikisha hiyo 4G ina IP ya umma, yaani inayofikika moja kwa moja toka intaneti. Laini nyingi za simu hazina, na hapo wa nje haingii hata ufanyeje.)

Dawa ni kila laini iwe na tebo yake ya ruti, yaani orodha ya njia za kupitisha data. Tuseme kadi ya mtandao eth0 ni faiba, rauta yake 192.168.1.1 na seva upande huo ni 192.168.1.10, na eth1 ni 4G, rauta yake 192.168.8.1 na seva upande huo ni 192.168.8.10. Ukiwa root piga:

```
ip route add default via 192.168.1.1 dev eth0 table 101
ip route add default via 192.168.8.1 dev eth1 table 102
ip rule add from 192.168.1.10 table 101
ip rule add from 192.168.8.10 table 102
```

Namba za tebo (hapa 101 na 102) chagua yoyote kati ya 1 na 252, za 253 mpaka 255 mfumo unazitumia wenyewe. Hizo `ip rule` (zinazosema IP ipi isome tebo ipi) ndo zenye kazi, maana tebo bila rule hakuna anayeisoma, na IP za seva ziwe za kudumu la sivyo zikibadilika tu rule zimekufa. Cheki:

```
ip route get 8.8.8.8 from 192.168.8.10
```

Ikijibu eth1 umemaliza. Kama bado, washa `tcpdump -ni eth1` inayoonyesha paketi zinazopita, ukiona paketi zinaingia na seva imenyamaza angalia `rp_filter` (kichujio cha Linux kinachotupa paketi zilizoingilia njia isiyotarajiwa), ikiwa 1 weka `sysctl -w net.ipv4.conf.all.rp_filter=2`.

Ukizima seva hivi vyote vinafutika, kwa hiyo kwenye Ubuntu viandike kwenye netplan (faili za mipangilio ya mtandao), sehemu za `routes` na `routing-policy`, na kama umeingia kwa mbali tumia `netplan try`, usipothibitisha ndani ya sekunde 120 inarudisha ya zamani, hujifungii nje.

Ila hii haihamishi laini faiba ikikata. Kuweka metric (namba ya kipaumbele, ndogo ndo inatangulia) 100 kwa faiba na 200 kwa 4G peke yake hakutoshi, kwa sababu waya wa kwenda kwenye rauta bado mzima na seva inaona poa tu. Andika kaskripti kapige `ping -I 192.168.1.10 1.1.1.1`, ikigoma mara kadhaa kaondoe difolti ya faiba kwenye tebo kuu (main, ile ya kawaida ya Linux), tebo 101 usiiguse, maana ping inapitia humo na ndo itakwambia faiba imerudi.