Mwalimu wa ndege Ulaya: usome nadharia ya CPL au ATPL?

Kila mtu akishapata PPL yake (leseni ya rubani binafsi) akaanza kufikiria ualimu anaambiwa kitu kimoja, soma nadharia ya ATPL, ile leseni ya marubani wa mashirika ya ndege, ukisoma ATPL umemaliza kila kitu. Mimi niliambiwa hivyo hivyo nikalipa hela, kwa hiyo wewe uliyeko Ujerumani au Uholanzi au popote Ulaya, unapiga kazi wiki nzima na kuruka wikiendi, nakuomba kabla hujatoa hata euro moja ujiulize kwanza ukishakaa kile kiti cha kulia cha mwalimu utakuwa unamfundisha nani.

Tuanze na sheria maana wengi wanaisikia kwa mdomo tu. Kwa EASA, yaani mamlaka ya usalama wa anga ya Ulaya, ili uingie kozi ya ualimu (FI) wa ndege ndogo unatakiwa uwe na CPL (leseni ya rubani wa biashara), au uwe na PPL tu lakini umefaulu mitihani ya nadharia ya CPL na una masaa 200 ya kuruka, 150 kati ya hayo wewe ndiye kepteni. Hiyo ATPL haijatajwa kabisa. Na ndiyo, mwenye PPL akishapata cheti cha ualimu anaruhusiwa kulipwa kwa kufundisha LAPL (leseni ndogo ya ndege nyepesi) na PPL, watu wanabisha sana hili ila limeandikwa. Ukitaka kufundisha LAPL peke yake hata hiyo mitihani ya CPL hudaiwi, lakini sikushauri, maana mwanafunzi wako akibadili mawazo akataka PPL inabidi umwachie mwalimu mwingine, na inauma.

Sasa angalia wewe ni nani. Kama una kazi yako nyingine unayoipenda na unataka tu kufundisha klabuni Jumamosi na Jumapili, basi nadharia ya CPL inakutosha, na kuna kitu wengi hawakijui: kwa ajili ya ualimu unaweza kukaa kwenye mitihani ya CPL bila kupita kozi ya darasani. Unajisomea nyumbani, unafaulu, unaenda kozi ya ualimu. Medikali yako ya Class 2, yaani cheti cha afya cha rubani binafsi, inaendelea kutumika. Ila hapa pana mtego na naomba uusome mara mbili, mitihani uliyofanya kwa njia hiyo bila kozi haikubaliki baadaye kuombea leseni ya CPL, inakubalika kwa ualimu tu. Ukija kugundua baada ya mwaka kwamba unataka CPL, unaanza upya.

Kwa hiyo kama moyoni unajua siku moja utataka CPL, lipia kozi kabisa kwenye shule yenye kibali. Kozi ya nadharia ya CPL ni angalau masaa 250, ukishafaulu yote una miezi 36 ya kupata leseni yenyewe. Na mimi naona mtu wa kundi hili asiogope, maana fikiria, ualimu kwa PPL unadai masaa 200 na CPL ya kusoma kidogo kidogo nayo inadai masaa 200, yaani masaa unayo tayari, kinachobaki ni kozi ya kuruka ya masaa 25 kama huna IR (kibali cha kuruka kwa kufuata vyombo), mtihani na rubani mkaguzi, na medikali ya Class 1, ile kali zaidi. Ile Class 1 kaipime MWANZO kabla ya kulipa kitu chochote, usije ukamaliza vitabu vyote ndio macho au moyo vikakukatalia. Faida nyingine ya kuwa na CPL ni kwamba huwezi kufundisha leseni ambayo wewe mwenyewe huna, kwa hiyo siku ukitaka kufundisha wanaotafuta CPL lazima uwe nayo, pamoja na masaa 500 ya kuruka na 200 ya kufundisha.

ATPL sasa. Hiyo ni kwa mwenye lengo la ndege kubwa, ambaye ualimu kwake ni njia ya kukusanya masaa. Kozi yake kwa wanaosoma nje ya mpango wa moja kwa moja (ule wa kusoma yote mfululizo shule moja) ni angalau masaa 650, masomo 13, na uzuri wake mkubwa ni kwamba inabeba nadharia ya CPL na ya IR kwa pamoja. Ukisoma CPL leo halafu kesho ukaitaka ATPL, masomo yote makubwa unarudia. Kwa hiyo kama una miaka 22, huna watoto, na ndoto yako ni Boeing, soma ATPL mara moja, sina ubishi na wewe.

Mimi sikuwa huyo mtu. Nilikuwa na zamu za usiku, familia, na nilichokitaka ni kufundisha. Shule niliyoenda haikuniuliza nataka kufanya nini, waliniuzia ATPL na mimi nikasaini. Sheria inasema ukishafanya mtihani wa kwanza una miezi 18 kuanzia mwisho wa mwezi huo kumaliza masomo yote, alama ya kufaulu ni 75%, na kila somo una nafasi nne. Nilifaulu masomo sita, tena vizuri tu, halafu kazi ikabana, mtoto akaugua, miezi ikaisha. Yale sita yote yalifutika. Nilikaa na ile barua mezani nikashindwa hata kumwambia mke wangu siku hiyo. Baadaye nilianza upya na CPL, nikapiga hesabu ya masaa yangu halisi kwa wiki, lisaa limoja kila asubuhi kabla watu hawajaamka na mawili Jumapili, nikaona inaingia kwenye miezi 18 na nafasi inabaki. Piga hesabu hiyo kwenye karatasi na uwe mkweli.

Kitu kingine ambacho hakuna aliyeniambia: nadharia utakayoitumia kila siku ukiwa mwalimu ni ile ya PPL, ile ya masomo 9 uliyoifanya zamani ukasahau. Kabla ya kozi ya ualimu kuna mtihani wa kuruka wa kupimwa kama unafaa, na yule mzee aliyenipima alinipa kalamu ya ubao akaniambia, nieleze kwa nini ukisukuma nguvu wakati wa kupaa pua ya ndege inakimbilia kushoto. Mimi nilikuwa nimesoma mambo ya injini za jeti mpaka nikaota, lakini pale nilisema ni propela basi nikaishia hapo. Akaniangalia akasema mwanafunzi wako atauliza kwa nini. Akachora mwenyewe, propela inazunguka kulia ukiitazama kutoka kiti cha rubani, upepo wake unajizungusha kwenye mwili wa ndege mpaka mkiani, unagonga lile bawa la wima upande wa kushoto, mkia unasukumwa kulia, pua inaenda kushoto, kwa hiyo mguu wa kulia. Michoro minne na mishale. Nimeitumia hiyo michoro kwa kila mwanafunzi niliyewahi kuwa naye.

Ndio maana hata ukisoma CPL au ATPL, kila mada irudishe kwenye ndege utakayofundishia. Ukifika kwenye uzito na mizani chukua kitabu cha Cessna ya klabuni kwako, weka watu wawili wanene na mafuta kamili uone kinachotokea. Ukifika kwenye hali ya hewa usipite juu juu barafu ya kabureta, inaweza kutokea hata nje kuna nyuzi 15 na unyevu mwingi, wewe uweze kueleza kwa nini ukivuta joto la kabureta (kile kishikio cha kuingiza hewa ya moto) mizunguko ya injini inashuka kwanza, injini inakoroma, halafu inapanda, na kwa nini mwanafunzi akisikia ule mkoromo ataogopa akirudishe kishikio haraka wakati ndio barafu inayeyuka.

Mambo ya makaratasi kwa haraka: mitihani yote ya leseni moja ifanye chini ya mamlaka ya nchi moja, usichanganye, na kumbuka Uingereza ilitoka EASA mwisho wa 2020 kwa hiyo chagua upande kabla hujajiandikisha. Kama unafikiria kurudi kufundisha Afrika Mashariki, kiwango cha ICAO (shirika la kimataifa la usafiri wa anga) kwa mwalimu kimejengwa juu ya ujuzi na masaa ya CPL, kwa hiyo ile njia ya PPL na mitihani bila kozi usiitegemee huko, chukua CPL kamili. Na ukishaamua, waandikie mamlaka ya nchi yako barua pepe uwaulize wanahitaji karatasi gani kwa njia uliyochagua, jibu lao liprinti ulibandike ndani ya jalada la logibuku, lile daftari lako la masaa ya kuruka.