Wageni wakipungua: meneja aseme nini, lini na kwa nani

Masika yakishika Pwani, hoteli za Nyali na Bamburi, Mombasa, hubaki na vyumba vitupu, na hapo ndipo uongozi wa meneja mkuu hujulikana. Meneja wa amri hunyamaza, kisha siku moja hubandika ratiba mpya ya zamu mlangoni. Kufikia jioni kantini nzima ina hesabu yake ya watakaopunguzwa.

Uamuzi ukishapita, waite wakuu wa idara siku hiyohiyo, uwape karatasi moja: nini kinabadilika, kuanzia lini, na nini bado hakijaamuliwa. Hilo la tatu ndilo huachwa, na fununu huingilia hapo. Idara zote zisikie siku moja. Mpishi na msafisha vyumba hupanda matatu moja kurudi Kisauni.

Kesho yake rudia mwenyewe mwanzo wa kila zamu, dakika 10 zatosha. Walinzi wa usiku na vibarua wasisahauliwe. Kundi la WhatsApp ni la kukumbushia saa ya kikao. Habari mbaya haipelekwi huko, maana hakuna atakayeuliza swali mbele ya simu ya bosi.

Kwenye maswali, waanze wadogo. Mkuu wa idara akitangulia, wengine watasema "sawa bosi" na kikao kimekwisha. Wakinyamaza, usidhani wamekubali. Uliza jambo la kushikika: mwenye karo ya muhula wa pili, likizo yake iangukie lini? Kila swali liandikwe daftarini pamoja na jina la atakayelijibu, na jibu litoke ndani ya siku tatu, hata kama ni "bado".

Kisha jichunge mdomo. Mpishi akileta habari kwamba friji imekufa akafokewa, mara ya pili utaambiwa na harufu ya samaki.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 nayo haikuachii hiari: masharti ya kazi yakibadilika, mfanyakazi ashauriwe na aarifiwe kwa maandishi. Ukifika kupunguza watu, notisi isipungue mwezi mmoja, afisa wa kazi ajulishwe, na malipo yasipungue ya siku 15 kwa kila mwaka kamili wa utumishi.

Usijipime kwa idadi ya walioacha kazi mwezi wa Mei. Watafiti Meyer na Allen, mwaka 1991, walitenganisha anayebaki kwa kupenda kazi, anayebaki kwa kuona ni wajibu, na anayebaki kwa kuwa kuondoka kutamgharimu. Mei wote hufanana. Tazama Desemba, hoteli jirani zikianza kutafuta wapishi.