Kukata Si Kuondoa: Kwa Waliohamia Nyumba za Msituni California

Ndugu mliohamia vitongoji vya misonobari kwenye miteremko ya Sierra Nevada na milima ya kaskazini, ambako pesa ya chumba kimoja cha Bay Area, yaani San Francisco na miji inayoizunguka, inakupa nyumba yenye uwanja, kabla hamjashika msumeno shikeni neno moja. Usikate tawi hata moja kabla hujajua litakwenda wapi. Nitalirudia mpaka mnichoke, maana mtego wa sheria ya huku ya kusafisha uwanja dhidi ya moto wa msitu uko hapo hapo.

Mtego wenyewe unakwenda hivi. Barua ya ukaguzi wa zimamoto inafika: vichaka vimeshikana, matawi ya chini yanagusa ardhi, rekebisha kabla ya tarehe fulani. Mtu wetu haogopi kazi. Anaita vijana wawili, wikendi moja panga na chensoo vinaunguruma, uwanja unabaki mweupe na nyuma ya banda kuna lundo refu kuliko banda lenyewe. Jumatatu ndiyo anauliza: hili lundo je? Kuchoma kumefungwa kwa sababu ya kiangazi. Mashine ya kusaga matawi inayoletwa na kaunti ina foleni ya wiki kadhaa. Pipa la taka za majani halimezi hata kona ya lile lundo. Mkaguzi anarudi, anatazama, anaandika kwamba hujapita. Unakasirika, lakini safari hii karatasi iko sawa na wewe ndiye umekosea hesabu.

Watu wa moto hupanga vitu vinavyowaka kwa unene, na kila unene una kasi yake ya kukauka. Sindano za msonobari, majani na vijiti vyembamba kuliko robo inchi hubadilika na hewa ndani ya saa moja hivi. Vya robo inchi hadi inchi 1 huhesabiwa muda wa saa 10, vya inchi 1 hadi 3 huhesabiwa saa 100, na magogo mazito zaidi saa 1,000. Tawi likiwa juu ya mti limejaa maji. Likatwe Juni, kufikia Agosti sindano zake zimekuwa nyekundu na zinavunjika ukizigusa. Kwa hiyo ukikata ukalundika hujapunguza chakula cha moto. Umekikausha, ukakishusha chini, ukakiweka chini ya miti iliyobaki ili miali ipate pa kupandia.

Basi panga kazi kinyumenyume: anza na njia ya kutolea, ndipo uje kwenye msumeno.

Mashine ya kusaga ndiyo njia nzuri kuliko zote pale ilipo. Kaunti nyingi, na mabaraza ya wakazi ya kujikinga na moto, huileta mpaka kando ya barabara bure au kwa ada ndogo. Jiandikishe kabla hujakata, upate wiki yako, kisha ukate tu kile unachoweza kukokota hadi barabarani kabla ya siku hiyo. Kila programu ina karatasi yake ya masharti. Isomeni, ndugu zangu, isomeni yote, kwa sababu opareta akikuta kosa hagongi mlango wako kukuuliza. Anapita. Makosa yanayorudiwa ni haya: kitako cha kila tawi kinatakiwa kuelekea barabarani, matawi yote yalale upande mmoja bila kufumana, maana anavuta kwa kitako na hana muda wa kufumbua nyavu. Usiyakatekate kuwa vipande vifupi kwa nia njema. Tawi refu linaingia mashineni haraka na kwa usalama zaidi, vipande vifupi ni usumbufu na hatari kwa mikono. Visiki, mizizi yenye udongo, mawe, waya na mbao zenye misumari haviingii, vinavunja visu. Nyasi na mimea itambaayo huziba mdomo. Programu nyingi zina kikomo cha unene wa tawi, na inchi 6 ni kipimo cha kawaida. Kinachozidi hapo kata kiwe kuni.

Halafu uliza chenga za matawi yaliyosagwa zinabaki kwa nani. Mara nyingi zinamwagwa kwako, na hapo mtego unafunguka mara ya pili: mtu anazitumia kama matandazo chini ya madirisha, nene, zinapendeza machoni. Chenga hazilipuki haraka kama matawi, lakini zinafukuta, na moto wa kufukuta usiku kucha ukutani unatosha kuchoma nyumba. Zitandaze mbali, kina kisichozidi inchi 2 au 3, zisiguse shina la mti, na ndani ya futi 5 za nyumba usiweke hata kiganja.

Njia ya pili ni kuchoma malundo katika msimu wa mvua. Hapa nasema taratibu, kwa kuwa sisi tumekulia kwenye kufyeka, kulundika na kuwasha, na mkono unajiendea wenyewe. Ruhusa ni mbili na zinatoka ofisi mbili. Zimamoto, ambao sehemu nyingi za milimani ni Cal Fire, idara ya moto ya jimbo, wanakupa kibali cha kuwasha. Mamlaka ya hewa ya eneo lako ndiyo inayosema kama leo ni siku ya kuchoma. Kibali mkononi bila siku si ruhusa. Unapiga simu au kutazama tovuti asubuhi ile ile, kila siku unayotaka kuwasha, hata kama jana iliruhusiwa. Kiangazi kibali chenyewe husimamishwa, na kuna miji isiyoruhusu kabisa.

Lundo lisizidi futi 4 kwa upana na futi 4 kwa kimo. Lizungukwe na eneo la futi 10 lililokwanguliwa hadi udongo mtupu. Kufagia majani peke yake hakutoshi. Maji yawepo na koleo liwepo, na mtu mzima asiondoke mpaka moto ufe. Ni mimea mikavu tu. Takataka, mbao zilizopakwa rangi na plastiki ni kosa. Ukiwa umefunika lundo kwa turubai ili likae kavu, ondoa turubai kabla ya kuwasha. Kuzima ni kumwaga maji, kukoroga kwa koleo, kumwaga tena, kisha kupitisha mgongo wa mkono karibu na majivu kusikia joto. Moto hujificha kwenye mizizi na kuchomoza baada ya siku kadhaa upepo ukiamka. Ukikutoroka kwa uzembe wako, sheria ya California inaruhusu gharama za kuuzima zidaiwe kwako, na ndege inayomwaga maji haikodishwi kwa bei ya bajaji.

Mama akija kutembea, mwelezeni siku ya kwanza, kwa heshima yake: huku uani hatuwashi moto. Ataamka alfajiri, atafagia majani, atatafuta kiberiti, naye anaona anawasaidia. Jirani atakayeona moshi hatakuja kusalimia. Atapiga 911, namba ya dharura.

Vipimo vya sheria ni vyepesi. Kifungu cha 4291 cha Public Resources Code, sheria ya maliasili ya jimbo, kinataka futi 100 kuzunguka jengo, au hadi mpaka wa kiwanja chako kama ni kidogo. Kuanzia futi 5 hadi 30, ondoa vyote vilivyokauka na achanisha matawi ya mti mmoja na mwingine kwa futi 10. Futi 30 hadi 100, nyasi zisizidi inchi 4, na vichaka viachane. Mteremko ukiwa mkali, nafasi iongezeke, kwa sababu moto hupanda mlima mbio. Matawi ya chini yapande angalau futi 6 kutoka ardhini, na kama chini ya mti kuna kichaka, nafasi kati yake na tawi iwe mara 3 ya urefu wa kichaka. Tawi lisikaribie dohani kwa futi 10. Kuni zikae futi 30 kutoka nyumbani. Nyasi zikatwe kabla ya saa nne asubuhi na kusiwe na upepo, maana kisu kikigonga jiwe kinatoa cheche.

Futi 5 za kwanza ndizo watu wanazidharau, na ndizo zenye faida kubwa kwa kazi ndogo. Moto wa msitu mara nyingi haufiki nyumbani kama ukuta wa miali. Unatanguliza cheche, zinazoweza kuruka zaidi ya maili moja, zikatafuta zulia la mlangoni, majani kwenye mfereji wa paa, fagio lililoegemezwa kwenye baraza la mbao, au tundu la hewa lisilo na wavu. Mji wa Paradise ulipoungua tarehe 8 Novemba 2018 na watu 85 kufa, mitaa mingi ilibaki majivu ya nyumba huku misonobari ya pembeni imesimama na kijani chake. Kabla hujalipa maelfu kuangusha mti ulioko futi 80, panda ngazi uzoe mifereji ya paa, fungia matundu wavu wa chuma wa inchi 1/8 au mdogo zaidi, na uondoe kile kichaka kizuri kilicho chini ya dirisha la sebule. Najua kizuri. Kiondoe.

Msimu nao una hila zake. Msonobari mbichi ukikatwa kati ya Januari na Julai ukaachwa chini, wadudu wa gome aina ya Ips huzaliana kwenye vipande vinavyozidi inchi 3, kisha kizazi kipya kinaruka kwenda kwenye miti yako iliyo hai. Umesafisha uwanja, mwaka unaofuata una misonobari mikavu. Bora kukata mwisho wa kiangazi au vuli, au kusaga papo hapo. Masika kagua viota kwanza, ndege wanalindwa na sheria ya shirikisho. Na mjue kijimea cha majani matatu matatu yanayong'aa, poison oak, kinachopanda hata juu ya miti. Mafuta yake huwasha ngozi kwa wiki nzima, hata kwenye kijiti kilichopukutika kisicho na jani. Kisiingie kwenye lundo la kusaga, na kisichomwe kamwe, kwa maana moshi wake unapeleka sumu ile mapafuni.

Sasa mafundi. Binamu mwenye chensoo ni binamu mzuri, lakini mti wa futi 15 na kuendelea unatakiwa kushughulikiwa na mkandarasi mwenye leseni ya C-49, ile ya kazi za miti. Namba yake inakaguliwa bure kwenye tovuti ya CSLB, bodi ya jimbo ya leseni za makandarasi, na hapo hapo unaona kama ana bima ya wafanyakazi. Asipokuwa nayo, kijana akianguka uwanjani kwako, unaweza kuhesabiwa wewe ndiye mwajiri. Malipo ya awali yasizidi asilimia 10 ya bei au dola 1,000, ile iliyo ndogo. Anayetaka nusu mkononi kwa sababu nyote ni watu wa nyumbani, mwambie sheria haina nyumbani.

Na narudi pale pale: soma mkataba unasema nini kuhusu mabaki. Bei ya chini sana mara nyingi maana yake ni kukata na kutawanya matawi papo hapo. Msituni ndani hiyo ni njia halali ya kitaalamu. Karibu na nyumba inakufelisha ukaguzi, na tayari umelipa. Andikisheni kwa maneno kamili kwamba matawi yatasagwa au yatabebwa, na nani anabeba, na siku gani. Malipo ya mwisho yatoke uwanja ukiwa mtupu.

Mpaka wa kiwanja nao usiukisie kwa macho. Kichaka cha jirani kinaweza kuwa hatari kuliko vyako vyote, lakini ukikata mti wake bila ruhusa, fidia California huongezwa mara 2 hata kama ulikosea mpaka, na inaweza kufika mara 3 kama ulikusudia. Mwombe kwa maandishi.

Wenzetu hawa Wamarekani wana mambo. Karuk na Yurok, wenyeji wa mto Klamath, walichoma misitu yao kidogo kidogo kwa karne nyingi ili isishibe kuni. Serikali ikaharamisha, na mwaka 1935 huduma ya misitu ya shirikisho ikaweka lengo kwamba kila moto uzimwe kabla ya saa nne asubuhi ya siku inayofuata. Vizazi vimepita, kuni zimejaa, na sasa barua za ukaguzi zinakuja kwako uliyehamia juzi. Tena ni jamii inayoandikiana barua na watu wanaoishi ukuta kwa ukuta. Lakini mkiwakuta kwenye siku za kazi za Firewise USA, mpango wa majirani kujikinga na moto pamoja, wamevaa glavu, ni watu wengine kabisa. Jiungeni. Mpango unataka walau saa moja ya kazi kwa mwaka kwa kila nyumba, na mwenye jina lake kwenye orodha ile anaweza kupata habari za mashine ya kusaga mapema. Zipo kampuni za bima zinazotoa punguzo kwa mitaa hiyo.

Kampuni ya bima ya nyumba usiisubiri ikuandikie kwamba inakuacha. Kampuni isiyotaka kukuendeleza inatakiwa kukujulisha siku 75 kabla, na siku hizo hazitoshi kukata, kusubiri mashine na kuitisha ukaguzi. Piga picha kila upande wa nyumba kabla na baada, zenye tarehe, pamoja na sehemu lundo lilipokuwa. Hifadhi risiti ya mkandarasi, uthibitisho wa mashine ya kusaga na fomu ya ukaguzi uliopita. Vitume kwa maandishi miezi 4 au 5 kabla mkataba haujaisha. Wakikataa, kuna FAIR Plan ya jimbo, bima ya kimbilio la mwisho, ghali, na inabeba moto lakini haibebi wizi wala mgeni aliyeteleza kwenye ngazi zako, hivyo utahitaji mkataba wa pili wa kuziba mapengo. Na ukija kuuza nyumba ikiwa kwenye eneo la hatari kubwa, tangu Julai 2021 mnunuzi ana haki ya kuona hati ya usafishaji huo, kwa hiyo karatasi hizo msizitupe.